Vipira vya Gari la Baba

Mama alisema hatavua nguo nyeusi mpaka afike makaburini ndani ya gari la baba. Aliyasema hayo sebuleni, mbele ya ukoo wote, siku tulipokuwa tunapanga kumaliza mwaka wa msiba. Katika familia zetu zilizotoka Kasai, neno la mjane mbele ya ukoo halijadiliwi, linatafutiwa dereva. Dereva nilikuwa mimi. Gari halikuwa na breki.

Ni gari dogo la michezo, la zamani, lenye viti viwili, tena limelala chini kiasi kwamba ukiliendesha hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi, unatazamana na magurudumu ya malori. Baba alilinunua kwa mhandisi Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, akawa analitumia kumpeleka mama misani Jumapili, basi. Baada ya mazishi lilikaa chini ya turubai. Siku nilipokanyaga pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni, bila ubishi wowote.

Nilisoma falsafa chuo kikuu, somo ambalo halina vipuri. Nikaenda kwa fundi mwenye gereji kwenye barabara ya migodini, ambako pikapu zinazobeba magunia ya wachimbaji hufika zimechoka. Mafundi wa kwetu hawaulizi kipuri fulani kinapatikana wapi. Huuliza ni kitu gani kingine kinaweza kuingia mahali pake. Huyu alifungua breki za mbele, akatoa kipande cha mpira kilicholegea kama utumbo.

"Tata prof," aliniita hivyo ingawa sifundishi popote, "muzee alikuwa anatia nini mu freni?"

"Mafuta ya breki."

"Mafuta gani? Nusa."

Nilinusa. Ilikuwa harufu ya koti la kazi la baba. Nilingoja kidogo nione kama kuna kitu kitanitokea. Hakuna kilichotokea, nikamrudishia mpira wake.

Baba alifanya kazi maisha yake yote katika karakana ya mgodi, kwenye mashine kubwa, na aliamini kwamba mafuta yanayoinua mkono wa mashine ya kuchimba hayawezi kushindwa na chupa ya dukani. Nusu ya mji huu inaamini hivyo. Mafuta hayo yamepakwa bawaba, cherehani, na kwa shangazi yangu mmoja, goti. Lakini vipira vya breki za gari kama lile haviyawezi. Vinavimba kwanza, fundi alinieleza, kisha vinaoza.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta vipira. Watu waliponiuliza habari za msiba, nilijibu habari za vipira, na niliona wanaondoka haraka. Lubumbashi muuza vipuri aligeuzageuza sampuli yangu kwenye mwanga.

"Hii sina. Ile kubwa yake niko nayo."

"Kubwa haitaingia."

"Unaikata."

Fundi naye alikuwa na wazo lake. "Mi naweza kutia freni za pikapu. Itasimama muzuri."

"Na magurudumu?"

"Ya pikapu vile vile."

"Sasa cha baba kitabaki nini?"

Alifikiri. "Kiti."

Mwishowe nilivipata kwenye mtandao, katika kundi la wazee wa Ulaya wanaopenda magari hayo kuliko, nadhani, wajukuu wao. Mmoja aliniambia nipime pistoni za breki, nikapima. Akaniambia nipime tena, kwa sababu vipira vya toleo lililofuata la gari hilo vinafanana navyo lakini ni vinene zaidi. Nilipima tena. Nilipenda kupima, ilikuwa kazi isiyotaka niseme chochote. Alivituma bure ndani ya bahasha, na mama mmoja wa parokia yetu, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa safarini huko, akatuletea katika sanduku lake.

Viliingia. Fundi alionekana kusikitika kidogo kwamba hakuna cha kukata. Tulitia mafuta halali ya breki, tukatoa hewa, na mguu ukapata kitu cha kukanyaga.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta baba mudogo, mdogo wake baba, amesimama karibu na gari akiwa na suti. Naye ni mstaafu wa karakana ileile. Mkononi alikuwa na chupa tupu.

"Jana jioni niliona mafuta ya freni inapungua," alisema. "Nikaongeza ile ya kazi. Nilikuwa nimeiweka tangu siku nyingi. Njo yenyewe, mafuta ya kaka yangu."

Alikuwa na machozi. Mimi sikuwa nayo. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba kumpigia fundi simu.

"Ametia mingi?"

"Amejaza."

"Leo itaenda. Polepole, itaenda."

"Na kurudi?"

"We uliniambia makaburi, tata prof. Haukuniambia kurudi."

Mama alikuwa tayari amekaa garini, mweusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, mkoba magotini. Niliinama dirishani.

"Mama, vipira vikivimba breki zinaweza kujifunga."

"Zitajifungia wapi?"

"Makaburini, nafikiri."

"Njo kule kwenye tunaenda," alisema, akavuta mlango.

Tulikwenda kwa mwendo wa watu waliokuwa wakitembea mbele yetu wakiimba. Kwenye mteremko nilikanyaga, gari likasimama vizuri kabisa, kisha likaanza kuwa zito, kama kuna mtu anatushika kwa nyuma. Pale kaburini nilizima injini. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba. Wanawake walimzunguka mama, wakamvua kitambaa cheusi, wakamfunga kitenge cha maua ya njano, na watu wote wakalia, hata fundi, aliyekuja na pikapu ya mteja. Mimi nilikuwa naangalia magurudumu.

Wakati wa kuondoka gari halikusogea hata liliposukumwa. Mama aliingia kwenye basi dogo pamoja na wanawake, akakaa dirishani akiwa na kitenge chake kipya. Alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Usikawe," aliniambia. "Bukari itapola."

Nilisema nakuja, nitauwahi ugali. Basi lilipoondoka niliketi kwenye kiti alichokuwa amekalia, kilikuwa bado na joto, nikasubiri chuma cha breki kipoe.