Mtamba Wangu na Mkwe Wangu

Miaka ile serikali ilituachia ng'ombe wetu mikononi. Josho la kijiji likakauka, mijusi ikawa inaota jua ndani yake, na mabwana mifugo wakapunguzwa kazini. Tukaambiwa sasa ni soko huria, dawa ziko dukani, kila mtu ajitegemee. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa mume wa binti yangu. Akafungua kiduka cha dawa za mifugo mjini Bariadi, akawa anazunguka vijijini na baiskeli kutibu.

Majina ya wote waliokuwepo siku ninayoisimulia ninayo kichwani, hata la ng'ombe. Siyataji. Wana wajukuu, na mimi sitafuti kesi.

Nilikuwa mjane, hapa Kasoli. Ng'ombe wa marehemu mume wangu walichukuliwa na shemeji yangu, nikabakiwa na mtamba mmoja. Huyo nilimng'ang'ania, maana bila yeye nisingeonja maziwa tena ila kwa kuomba. Asubuhi moja akashikwa na uchungu wa uzazi wake wa kwanza. Mguu mmoja wa ndama ukatoka, basi, hapo hapo ukakwama. Shemeji akaja, panga mkononi.

"Shemeji, tumchinje angali anapumua. Akifa mwenyewe, nyama atanunua nani?"

"Nani kakuambia nauza nyama? Rudi na panga lako."

Hakurudi. Alikaa kwenye gogo kusubiri. Mimi nikamtuma mtu mjini kumwita mkwe.

Sasa, kwetu Wasukuma mama mkwe na mume wa bintiye hawasogeleani. Hawatazamani, hawashikani mkono, hawali pamoja. Mkwe alipofika, mimi nikatoka zizini, yeye akaingia. Akajaribu, akashindwa. Akatoka upande wa pili wa ua, kofia ameishusha machoni, akasema na jirani yangu, mama aliyekuja kunisaidia.

"Mwambie mama, kichwa cha ndama kimepinda nyuma. Mkono wangu mnene, haupiti. Anatakiwa mwenye mkono mwembamba."

Jirani akaficha mikono yake ndani ya khanga. "Usinitazame mimi! Hata kuku simchinji!"

Nikanawa kwa sabuni, nikajipaka mafuta ya pamba mpaka kwenye kiwiko, nikaingiza mkono mimi mwenyewe.

"Mwambie mama amsukume ndama arudi ndani kidogo."

"Anasema sukuma," akasema jirani.

"Nimesikia, mimi si kiziwi!"

"Mwambie asisukume ng'ombe akijikamua, angoje atulie."

Neno hilo lilipomaliza kuzunguka, mtamba alikuwa ameshajikamua na kunibana vidole hadi nikapiga kelele. Shemeji akacheka kwenye gogo lake. Mtamba akalala chini, macho yakaanza kumgeuka. Nikaona wazi: nitampoteza kwa ajili ya adabu.

"Mkwe! Njoo huku. Sema na mimi."

"Mayu, mama yangu, watu watasema."

"Waseme! Wenye kusema mbona hawaji kuvuta? Piga magoti hapa."

Akaja akitazama mawingu. Akapiga magoti, bega lake kwenye bega langu, akanielekeza taratibu: shika taya, ngoja, sasa kigeuze. Kichwa kikaja. Nikaunyoosha na mguu wa pili, tukafunga kamba, tukavuta pamoja, mikono yangu juu ya yake.

Ndama alitoka amekufa.

"Haya," akasema shemeji. "Mmevunja mwiko kwa ajili ya mzoga."

Nilimwagia mtamba maji, nikamsukuma mgongoni, na mkwe akamwinua kwa mkia. Mtamba akasimama akitetemeka, akaenda kwenye ndoo, akanywa.

"Na huyo anayekunywa ni nani?" nikamuuliza shemeji. "Njoo umchinje basi."

Baadaye wazee wa ukoo waliniita, wakanitoza mbuzi kwa kumgusa mkwe. Nikawaambia mbuzi ninaye, yuko zizini, na hatoki. Mtamba wangu akipata uchungu tena, nitamgusa mkwe tena. Wamenuna, wengine wamekufa wamenuna.

Siku ile mkwe alitaka kuondoka na njaa yake. Nikapika ugali na mlenda, nikaweka sahani moja ya sisi wawili. Alikula amenipa mgongo, akinyoosha mkono nyuma kutafuta tonge. Sikumwambia ageuke. Nilimsogezea sahani.