Mkebe wa Mafuta Kwenye Zawadi za Harusi Yangu

Siku ya harusi yangu, Aprili 1999, mtu alituletea zawadi ya mkebe wa mafuta ya kujipaka uliotumika nusu.

Sio utani. Tulikuwa tumekaa chini na bibi harusi wangu Nthenya, tunafungua zawadi. Blanketi. Sufuria. Thamosi tatu. Halafu kitu kidogo kimefungwa kwa gazeti, hakina jina.

Nthenya akafungua, akacheka mpaka machozi. "Woi! Nani huyu ametuletea mafuta ameshajipaka?"

Mimi sikucheka. Nilitazama ndani nikaona alama ya vidole viwili vimechota mpaka karibu chini.

Vidole vilikuwa vyangu.

Wacha niwaambie yote, hata kama nasikia aibu mpaka leo.

Mwaka wa 1998 hapa Sultan Hamud watu waliniita "Kompyuta". Nilikuwa nimefanya kozi ya miezi mitatu Machakos, nikapewa cheti, na kanisa letu likaniajiri kufundisha kwa chuo chake kidogo cha taipu. Chuo kilikuwa na taipureta nane na kompyuta moja tu. Watu waliuza mbuzi, wakaleta kwa harambee, ndio ikanunuliwa.

Na mimi nilikuwa najiona, aki! Natembea na kalamu tatu mfukoni, na hata moja haina wino.

Katibu wa chuo alikuwa Kaluki, mama mjane. Mshahara wake ndio ulikuwa unamweka binti yake Mbula sekondari. Hakuwa na mwingine wa kumsaidia. Kila jioni, akishazima kompyuta, aliifunika na kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, vile watu hufunika redio na viti nyumbani.

Basi tukaambiwa wageni wanakuja kuona ile mashine. Nikasema lazima niisafishe hata ndani. Nikafungua, nikatoa feni pamoja na kile chuma chenye meno kama kitana kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Chini yake nikapata kitu cheupe kimekauka.

Nikadhani ni kinyesi cha mjusi.

Nikakipangusa na leso mpaka prosesa ikang'aa. Nikarudisha kila kitu, nikaiwasha. Dakika kumi, ikajizima. Nikawasha tena. Dakika tano.

Nikafungua tena. Chuma kilikuwa vuguvugu tu, lakini prosesa ilinichoma kidole. Hapo ndio nikakumbuka mwalimu wetu akisema katikati yao hupakwa dawa ya kupitisha joto, litoke kwa prosesa liende kwa chuma, feni ilipepee. Ndio hiyo nilikuwa nimepangusa!

Kaluki akaniona nimeshika kichwa. "Mwangangi, si uulize Kiilu? Nimemwona akipaka kitu cheupe kama hicho akitengeneza amplifaya ya kanisa."

Kiilu alikuwa fundi wa redio pale stendi. Hakumaliza darasa la saba. Na wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba kompyuta sio redio ya betri. Sasa niende kumwomba dawa? Mimi?

"Mama Mbula," nikamjibu, "hii ni mambo ya kisomo."

Alipoenda lunch, nikafungua droo yake. Kulikuwa na mkebe wa mafuta mazito ya kujipaka, yananukia maua. Nikajiambia, hii nayo si inateleza kama ile dawa? Nikachota na vidole viwili, nikapaka, nikaongeza, nikafunga.

Na ikafanya kazi! Siku mbili nzima. Wageni walikuja, wakapiga makofi, nikasifiwa mpaka shingo ikawa ndefu.

Siku ya tatu, wanafunzi wakiwa kwa mtihani, ikazima na haikuwaka tena. Joto lilikuwa limeyeyusha mafuta, yakatiririka kwa bodi. Lakini hayo niliyajua mimi peke yangu.

Kamati ikakaa jioni hiyo. Pasta Jonah akaniuliza, "Mwalimu, ni nini imeharibu mashine?"

Macho yangu yakaangukia kile kitambaa.

"Ni hiki," nikasema. "Mama Mbula huifunika kabla haijapoa. Imekosa hewa."

Kaluki akanigeukia. "Mwangangi, ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Lakini mimi huizima kwanza..."

Hakuna aliyemsikiza. Mwenye cheti alikuwa mimi. Akafutwa kazi hapo hapo, na akiwa anakunja kitambaa chake mimi nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza. Nilikuwa mtu bure kabisa.

Kesho yake Kiilu akaitwa. Akafungua, akanusa, akaniangalia.

"Brother, umeipaka kama mtoto anapelekwa kliniki."

Akasafisha kila mahali na spiriti. Halafu akatoa tyubu ndogo ya ile dawa nyeupe, akaweka tone moja katikati ya prosesa, kiasi cha punje moja ya ndengu.

"Hii tu inatosha. Chuma chenyewe kitaikandamiza ienee. Ukijaza, joto linakwama."

Mashine ikawaka.

"Utasema?" nikamuuliza.

"Niliitwa kutengeneza mashine. Hayo mengine ni yako."

Nikanyamaza miezi minane. Kaluki alirudi kwao Matiliku. Nilisikia Mbula ameacha shule, nikajifanya sijasikia.

Sasa mnaelewa kwa nini ule mkebe ulinitoa jasho siku ya furaha yangu.

Nilimwambia Nthenya yote usiku huo. Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Jumatatu tunaenda Matiliku. Na mimi nakuja, usije ukanidanganya kwamba ulifika."

Tulimkuta Kaluki kwenye baraza la duka, anashona yunifomu. Nikapiga magoti hapo mchangani na suti yangu ya harusi. Nikasema yote.

"Najua," akasema. Cherehani haikusimama.

"Asante kwa ule mkebe, mama. Umenifungua macho."

Hapo ndio cherehani ikasimama. "Mkebe gani?"

"Ule ulitutumia kwa harusi."

"Mimi sikutuma kitu. Siku ile nilifutwa, nikitoa vitu vyangu nilikuta mafuta yamechotwa, na mashine ilikuwa inanukia maua hayo hayo. Ule mkebe nikauacha mezani kwa Pasta. Nilimwambia, muite Mwangangi apime vidole vyake hapa ndani."

Pasta alijua! Alijua siku zote, hata akitufungisha ndoa.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa na mkebe mkononi. Nikasema bila kuficha. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu Pasta Jonah akashuka, akaja akasimama kando yangu.

"Msimtazame peke yake," akasema. "Huu mkebe ulikuwa kwa droo yangu miezi minane. Niliogopa mtasema tumemfukuza mjane bure. Nikautuma kwa harusi useme, kwa sababu mimi nilishindwa."

Wiki hiyo wazee wakaenda kumwomba Kaluki arudi kazini. Nilienda nao. Alitupa chai, akatusikiza mpaka mwisho.

"Mbula ameshaolewa, yuko Tseikuru," akasema. "Nirudi kazini nimsomeshe nani?"

Hakuna aliyemaliza chai yake.

Ndugu zangu, ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa lako halijapata mtu wa kulibeba. Na usimdharau mtu mwenye dawa kwa sababu hana cheti. Bado nafundisha kompyuta, na kila darasa jipya naweka punje moja ya ndengu mezani nikiwaonyesha kiasi cha dawa ya prosesa. Wao hucheka.

Mashine ilipona na kiasi hicho tu. Mbula hakurudi shule.