Siku shangazi yangu kibogoyo alipousimamisha mtihani wa chuo cha meno

Wakuu, assalamu alaykum. Mliofunga, Mungu akupokeleeni. Mliokula, yashukuruni meno yenu, na mkimaliza kusoma hapa mtayashukuru zaidi.

Kuna mtu aliuliza juzi skuli ya udaktari wa meno ya hapa Unguja ilianzaje, watu wakamjibu kwa vipeperushi. Vipeperushi vyenyewe vimeandikwa "kuboresha afya ya kinywa cha jamii". Sawa. Mie nakupeni historia ambayo haimo kwenye kipeperushi. Nilikuwepo ilipohadithiwa, mbele ya wenyewe, na aliyeihadithia ni shangazi yangu.

Ninayoyasema ni kweli. Chumvi ipo, sikatai, lakini ni chumvi ya pilau, si ya papa mkavu wa ng'onda. Jina la chuo nalihifadhi na majina ya watu nimeyabadili, maana nami iko siku ntapelekwa kung'olewa, na nataka koleo la heshima.

Mnijue kwanza. Mie fundi vespa, Ng'ambo. Fomu foo nimeimaliza skuli ya usiku, na matokeo yalipotoka mwalimu wangu alilia machozi. Hakusema ni ya furaha au ya nini, na mie sikuuliza. Kwa hiyo mnaongea na msomi.

Sasa, mdogo wangu Raya ndiye aliyekuwa mwaka wa mwisho pale chuoni.

Kwa msiojua: mtihani wa meno haufanywi kwa kalamu peke yake. Mwanafunzi anatafuta mgonjwa wake mwenyewe, anamtibu, na siku ya mtihani anampeleka mbele ya watahini. Mgonjwa asipotokea, umefeli. Mgonjwa akisema hajaridhika, umefeli vilevile, na mwaka unaurudia.

Yaani miaka yote ya kukesha inakuja kuning'inia kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Raya akapangiwa meno ya bandia, seti nzima, juu na chini. Alitakiwa alete kibogoyo kamili, asiye na hata jino moja la ukumbusho.

Mnadhani kibogoyo ni rahisi kumpata? Vibogoyo wote wa Mji Mkongwe walikuwa washashikwa na wanafunzi wenzake. Raya akawa anazunguka Darajani anawachungulia wazee midomoni, mpaka babu mmoja muuza ndimu akadhani anachumbiwa, akaenda kunyoa ndevu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Bi Mize wa Mkokotoni, dada yake marehemu baba yetu.

Mdomo wa Bi Mize ulikuwa mtupu kama uwanja wa mpira saa ya sala ya Ijumaa. Na ni mla tambuu, wakuu, mla tambuu hasa. Meno yalipoondoka, tambuu haikuondoka. Alinunua kinu kidogo cha shaba, popoo, ile kokwa ngumu ya tambuu, anaitwanga kwanza ndipo anaitia mdomoni. Ukilala kwake unaamshwa na ti! ti! ti! kama umelala kwa fundi bati.

Tukaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmekuja wawili siku ya kazi, mna shida nyie."

Raya akamweleza. Bi Mize akasikiliza, akatema, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Chuo kipi hicho?"

Raya akakitaja.

"Aa. Wale walioning'oa."

Tukatazamana. Mie nikauliza, "Walikung'oa wao?"

"Kwa mikono yao. Haya, ntakwenda. Nna neno nao."

Raya alisikia "ntakwenda", akamrukia kumbusu. Mie nilisikia "nna neno nao", nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona mdogo wangu anacheka tangu mwezi ule uanze.

Basi Bi Mize akahamia kwangu Ng'ambo. Siku za kupimwa nampakia kwenye vespa mpaka chuoni, buibui linapepea vichochoro vizima, watalii wanapiga picha. Raya akamchukua kipimo cha ufizi kwa ile dawa inayotiwa mdomoni laini kisha ikaganda. Bi Mize akamwambia uji wenu mzito na hauna sukari, lakini akavumilia. Mtu mwenye neno lake ana subira ya ajabu.

Siku ya mtihani ikafika.

Asubuhi Raya akamvisha meno. Wakuu, meno meupe! Bi Mize akicheka unatafuta miwani ya jua. Raya akamwambia, "Shangazi, kaa hapa kwenye benchi uyazoee mpaka tuitwe. Tafuna kitu ulichokizoea."

Akaingia ndani kujiandaa. Mie nikaenda kuegesha vespa.

Narudi nakuta Bi Mize kafumba macho, taya linakwenda, kijaluba cha tambuu kiko wazi mapajani. Nikasikia kwaa! kama mtu kavunja ufito.

"Makame, mwanangu," akaniambia, na chozi linamtoka. "Nimeitafuna popoo nzima. Kwa meno. Sijaisikia sauti hii tangu baba yako akiwa hai."

Nikafurahi, wallahi nikafurahi. Kisha akacheka, nikaona ndani.

Nyekundu. Popoo, chokaa, katu, vyote vimeingia kazini. Yale meno meupe kama kanzu ya bwana harusi yamekuwa matofali.

Raya akatoka kutuita. Alipoona, alishika ukuta.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Umesema nitafune nilichokizoea."

Na kweli alisema hivyo. Nani wa kumlaumu? Mie nikawa natafuta maji na kitambaa, lakini mlango ulishafunguliwa na jina la Raya lilishaitwa.

Tukaingia. Mie niliingia kama msindikizaji, kwa sababu Bi Mize aligoma kukaa peke yake na watu wenye koleo.

Ndani kulikuwa na profesa mmoja, mama mtu mzima kutoka bara, ndiye mtahini mgeni. Sura yake kama kufuli. Pembeni yake kakaa mkuu wa skuli, Dokta Khamis, suti na tai. Wanafunzi wengine wamepangwa ukutani kama vikombe vya maonyesho.

"Fungua mdomo, mama," profesa akasema.

Bi Mize akafungua.

Profesa akainama karibu.

"Hii ni damu?"

"Tambuu."

Profesa akamgeukia Raya. "Daktari, hii ndiyo kazi ya kuletwa mbele yangu?"

Kabla Raya hajajibu, Bi Mize akadakia, "Usimkaripie, mwanangu. Yeye katengeneza. Rangi nimetia mie."

Mwanafunzi mmoja ukutani akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Profesa akaingiza kidole, akasukuma meno ya juu, akavuta ya chini. Hayakutikisika. Akamwambia, "Sema sisimizi sita wasafi." Bi Mize akasema, hakuna mluzi hata kidogo. Kisha akaongeza la kwake: akatoa popoo nyingine akaivunja palepale, kwaa! Profesa akarudi nyuma hatua, na kwa mara ya kwanza kufuli ikalegea kidogo.

Akauliza lile swali lenyewe. "Mama, umeridhika na meno haya?"

Raya akanitazama. Mie nikatazama dari.

"Bado," akasema Bi Mize.

Nilisikia moyo wa mdogo wangu ukianguka. Nadhani hata Forodhani walisikia.

"Kuna mahali yanakuuma?"

"Hata. Yamekaa vizuri kuliko niliyopewa na Mola. Lakini nna neno na huyu." Akamnyooshea kidole Dokta Khamis. "Khamis, hunijui?"

Dokta akavua miwani, akaivaa tena.

"Chuo chenu hichi ndo kwanza kimezaliwa," Bi Mize akaanza, "hamna hata kiti. Mkaja Mkokotoni, mkatundika turubai pale sokoni, mkatukalisha juu ya makreti ya soda. Mkatangaza meno bure. Wewe mwembamba kama kamba ya mnazi, unatetemeka. Ukaning'oa."

"Bi Mize wa soko la samaki!" Dokta akapiga paja. "Bi Mize, mie si nilikwambia jino bovu ni moja tu? Wewe ndiye uliyesema ganzi ishaingia, isipotee bure, nikutolee na la jirani!"

Chumba kikapasuka. Wakuu, nnaijua kasumba hii. Watu wetu cha bure hatukiachi nusu. Sindano ishapigwa, upande mzima umekufa ganzi, utaondokaje na jino moja? Ni sawa na kukodi gari la mchanga ukabeba ndoo.

"Nilisema la jirani!" Bi Mize akaja juu. "Sikusema mtaa mzima!"

"Ukarudi na mara nyingine. Na shoga zako."

"Nilikuonea huruma! Ulikuwa unalia kwamba hujang'oa ya kutosha, huwezi kupasi. Umepasi kwa meno yangu, Khamis. Leo umekuwa mkuu wa skuli, mie nimekuwa kibogoyo."

Kicheko kikafa. Dokta Khamis akatazama viatu vyake.

"Sikuja kukudai," Bi Mize akasema, sauti sasa ya chini. "Nataka unijibu kitu kimoja. Mliyazika wapi?"

Kwa walio mbali na huku: kwetu kilichotoka mwilini hakitupwi jaani. Ukucha, nywele, jino, hufukiwa. Bi Mize aliondoka pale sokoni akiamini vijana wamefukia, kisha miaka yote hiyo kaishi na shaka.

"Mie nnakwenda mbele ya haki," akasema. "Sitaki siku ya kufufuliwa wenzangu wanajipanga mie nazunguka natafuta magego."

Dokta akatoka. Akarudi kabeba chupa kubwa ya kioo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Imejaa meno.

"Hatukuyazika, Bi Mize," akasema. "Chuo hakikuwa na vifaa, hakikuwa na meno ya plastiki ya kufundishia. Haya ndiyo tuliyojifunzia kuchonga na kuziba. Na waliotufuata, na waliowafuata. Huyu Raya naye kaanzia humu."

Raya akajiziba mdomo kwa mikono.

Bi Mize akaichukua chupa, akaiweka mapajani. "Yangu yepi?"

"Sijui. Ya Mkokotoni yote yamechanganyika."

Akaigeuza taratibu, meno yakalia ndani kama kokoto. "Basi humu yumo na mume wangu," akasema. "Yeye alitoa moja tu. Alikuwa mwoga."

Hakuna aliyecheka. Hata mie, na mie hucheka matangani.

Bi Mize akamgeukia profesa. "Mwanangu, wazikeni hawa. Nami ntaridhika."

Profesa akatazama saa. Akatazama karatasi zake, na foleni ya wanafunzi waliosubiri, ambayo kwa hesabu yangu ilifika Chukwani. Nikajua tunafukuzwa.

Akavua glavu. "Jembe lipo?"

Wakuu, mtihani ukasimama. Tukateremka uani, penye mkomamanga. Dokta Khamis akatupa tai begani, akashika jembe mwenyewe, na kwa namna alivyolishika nilijua mtu huyu hajalima hata bustani ya mawazo. Nikamwachia alime. Ilikuwa zamu yake. Wanafunzi wakatoa kitambaa cheupe cha zahanati, meno yakamiminwa ndani, yakafungwa. Bi Mize akasema bismillahi, akatia mchanga wa kwanza kwa mkono wake.

Raya alitia wa pili.

Profesa, viatu vimejaa udongo, akauliza tena palepale, "Mama, umeridhika?"

Bi Mize akapitisha ulimi kwenye meno yake mapya, juu, chini, pembeni, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba aliyokabidhiwa.

"Nimeridhika. Mpe mtoto haki yake."

Raya akakaa chini kwenye udongo na koti lake jeupe, akalia. Alipasi. Alikatwa alama za usafi, na ilikuwa haki, hatukukata rufaa.

Nilichojifunza mie fundi vespa ni hiki. Vyeti vyote vile vilivyotundikwa ukutani, nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyekaa juu ya kreti akafungua mdomo, kijana anayetetemeka akajifunzia humo. Jina lake halimo kwenye kipeperushi. Hataki mengi. Anataka kujua mlimfanya nini alipoondoka.

Na funzo dogo la pembeni: huduma ya bure, uliza maswali kabla ganzi haijaingia.

Haya, uwanja wenu. Nyie wa Mkokotoni, na nyie mliovuka kutoka Tumbatu mkaja kung'olewa pale sokoni, mliacha mangapi? Yapo uani kwa chuo, penye mkomamanga, yamefukiwa kwa heshima. Na wewe daktari unayesoma hapa kimya kimya, mgonjwa wako wa kwanza alikuwa nani? Mtaje, tumsikie.