Mzigo wa Mama Mudogo

Ko, ko, ko. Wapiga kafi wa Lualaba walikuwa wakigonga kafi ubavuni mwa mtumbwi kutuambia kwamba nafasi iko, anayevuka ashuke. Hata leo jirani akigonga mwiko kwenye sufuria, miguu yangu inachoka kabla sijainuka, kama vile nina safari ndefu ya kurudi nyumbani.

Asubuhi moja ya utoto wangu, wenzangu, nilikuwa nimebeba mzigo wa mama mudogo Sifa, mdogo wake mama yangu. Alikuwa amekuja kwetu Mikelenge, mtaa wa Kindu, kupumzika baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza. Kupumzika ni neno tu. Alitwanga, alifagia, alilima muhogo pamoja na mama, na jioni aliketi, mikono yake imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeshamfanya wangu. Nililala nimeshika kitenge chake. Kisha habari ikaja kutoka Kampene kwamba bwana yake, mchimbaji wa mgodi wa Wazungu, anakohoa usiku kucha na hana wa kumpa hata maji. Kamio, lori la kwenda huko, ilikuwa inangoja abiria ng'ambo ya mto.

Kwetu Kindu mgeni hashiki mzigo wake akiwa bado anasindikizwa. Ni wenyeji njo wanaubeba, na pale wanapomkabidhi, hapo ndipo safari yake inapoanza. Wa kukabidhiwa mlangoni, ajue alichosha watu. Wa kubebewa mpaka majini, alipendwa. Neno lenyewe, kusindikiza, tunalituma kazi nyingi: bibi harusi anasindikizwa, maiti anasindikizwa, na hata aliyeshiba anayemega kidogo ili mgeni asione haya kula peke yake, tunasema anamsindikiza. Baadaye, nilipokuwa msichana, mama mmoja Mwingereza wa misheni aliyetufundisha kushona alinieleza kwamba kwao kuna maneno mawili mafupi ya kazi hiyo, see off, na hayo hayo mawili wanayatumia kwa kumfukuza mbwa wa watu uani. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kwetu mgeni na mbwa hawapiti mlango mmoja.

Basi, kichwa changu kidogo kilijipangia mambo yake: kama mgeni anaondoka akishakabidhiwa mzigo, nisipoukabidhi haondoki.

Nikatembea kama kinyonga. Nikasimama kutoa mwiba ambao haukuwapo. Mama hakunikemea, yeye aliyezoea kunikemea hata nikipiga chafya. Alisema tu, "Mumungojee mutoto, amechoka."

Tulipofika ukingoni niliuweka mzigo chini, nikaukalia.

"Ee mama!" mpiga kafi mmoja akapaza sauti. "Muzigo inavuka, ao inaatamia mayai?"

Mtumbwi mzima ukacheka. Mpiga kafi mwenyewe hakucheka sana. "Kamio inanguruma kule. Ikienda, ingine hatujui lini."

"Ungoje kidogo, baba," mama akamjibu. "Ni mutoto."

Mama mudogo alichuchumaa mbele yangu. "Simama, mama," aliniambia, maana kwetu mtoto anaitwa hivyo akipendwa.

"Ubaki."

"Nikibaki, nani atamupikia baba yako mudogo?"

"Mama atamupikia."

"Kutoka hapa? Moshi tu njo itafika Kampene." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamchoka usoni. "Muzigo ninaweza kukunyang'anya. Lakini muntu mwenye kunyang'anya muzigo yake anaenda peke yake. Unisindikize, mama."

Mama yangu akageuka, akaanza kutazama nyumba za ng'ambo kama anazihesabu mabati.

Mimi nimeyaelewa haya baada ya kuolewa na kuhamia mbali, nami nikawa mtu wa kusindikizwa. Kule kuningojea kwa mama siku ile hakukuwa subira. Mwanamke mzima hawezi kumwambia ndugu yake asirudi kwa bwana mgonjwa. Mtoto anaweza kukalia mzigo, na mkubwa akasimama nyuma yake na kusema ni mutoto. Alikuwa ananitegemea mimi. Mama mudogo alilijua hilo, na ruhusa aliyoniomba mimi pale mchangani alikuwa anamwomba dada yake, ambaye hakuwa na nguvu ya kuitoa.

Nikainuka. Nikampa mzigo kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa miwili, akapanda. Kusukuma mtumbwi ni kazi ya wakubwa, nikamtazama mama. Hakusogea. Nikaingia majini mpaka magotini, nikaweka viganja vyangu kwenye ule mti uliolowa wa mtumbwi, nikausukuma.