Barakoa Mpya na Kidevu Changu

Mke wangu alihamia chumba cha wageni kwa sababu ya usingizi wangu. Nilikuwa nikikoroma hadi jirani wa nyuma ya ukuta, huku kwetu Timbwani, akamwambia kwa adabu kwamba akitaka kujua kama nipo nyumbani hana haja ya kupiga hodi. Mara pumzi inakatika, kimya, halafu nagutuka kama mtu aliyezama akaibuka. Mwenzangu halali, ananisikilizia kama nitarudi.

Daktari wa ng'ambo ya feri alinitazama koo, akanishika taya, akasema njia ya hewa ni nyembamba na tena kidevu changu ni kidogo mno. La koo nilimpelekea mke wangu nyumbani. La kidevu nililimeza. Kidevu hicho nilikifunika kwa ndevu tangu nilipomaliza kidato cha nne. Mke wangu aliolewa na ndevu. Chini yake hakupata kupaona.

Ndugu yake aliye Maskati akatuletea mashine ya kupuliza hewa puani mtu akiwa amelala. Fundi wa hospitali akazungusha skurubu ya nguvu ya hewa hadi nane, akaifunga kifuniko, akaniambia nikibadilisha chochote, hata barakoa, nirudi kwake. Barakoa ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pua tu. Kukoroma kukaisha, ila mdomo wangu haukuwa na adabu: nikisinzia unafunguka, na hewa iliyoingia puani inatokea mdomoni ikipiga mluzi. Mke wangu akasema afadhali nikorome, angalau wimbo ule ameshauzoea.

Shemeji akaleta nyingine, kubwa, ya kuziba pua na mdomo mpaka chini. Mke wangu aliigeuza geuza, akasema bibi yake alikuwa na barakoa ya kufunikia uso akitoka nje, kama hii, ila ya bibi ilikuwa na nakshi, na mwenye kuivaa alikuwa mzuri. Kisha akasema neno lililonipa homa.

"Hii ikinyamaza, narudi na mto wangu."

Mtu mwenye akili angevuka kwenda kwa fundi. Mimi feri nilikuwa naivuka kwa mazishi na harusi, tena harusi ya ndugu wa karibu. Isitoshe nilisoma sekondari, fizikia sikufeli. Skurubu moja itanishinda?

Basi Ijumaa moja, nimetoka msikitini na kushiba wali, nikajilaza kufanya majaribio. Hewa ikavuja chini ya barakoa, ndevu zikapepea. Nikakata shauri kwamba haitoshi. Nikafungua kifuniko kwa ncha ya kisu cha kupakia siagi, nikazungusha hadi kumi. Ikavuja zaidi, sasa kwa sauti ambayo mtu hutoka chumbani akaitoe peke yake. Nikakaza mikanda mpaka masikio yakalala. Nikapandisha kumi na mbili. Tumbo likajaa upepo, nikabeua, barakoa ikahamia kwenye paji la uso.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mume wangu, wataka kulala ama wataka kuruka?"

Nikamweleza kisomi kwamba barakoa kubwa yataka hewa nyingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi kitandani, akairudisha barakoa mahali pake, akapitisha kidole pembeni mwa mpira wake. Kilipofika chini kikateleza. Siku za Ijumaa ndevu zangu nilikuwa nazipaka mafuta ya nazi mpaka zing'ae, na ule mpira ulikuwa unaelea juu ya kichaka chenye mafuta.

"Yatokea hapa," akasema. "Hata ukiitia injini ya feri, itatokea hapa hapa."

Nikaziosha kwa sabuni. Ikavuja. Nikazipunguza kwa mkasi. Ikavuja. Mke wangu akasema mto wake uko salama ulipo, akarudi jikoni.

Nikabaki na kioo. Msikitini ningesema ni udhuru wa ugonjwa, nao wangenielewa. Shida ilikuwa yeye. Mwanamke ameishi na mtu miaka yote hiyo, leo ndiyo aonyeshwe bidhaa yenyewe, na hakuna pa kuirudisha. Lakini kile chumba cha wageni kilikuwa kimeanza kunukia udi wake, na changu kinanuka mpira. Nikachukua wembe.

Nilitoka bafuni nimejiziba kwa taulo. Akaniamuru niliondoe. Akanitazama, akatazama picha za watoto ukutani, akanirudia mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu. "Nami kidevu cha hawa watoto nimemlaumu mamangu wallahi, mpaka akaniombea uongofu."

Ndipo alipocheka, akaketi chini kabisa kwenye sakafu.

Jumatatu tukavuka pamoja, upepo wa feri ukinipiga mahali ambapo haukupata kufika. Fundi akapima upya na barakoa kubwa, akakuta tisa yatosha. Akauliza ni nani aliyeichezea skurubu. Nikainama kufunga kiatu. Mke wangu akajibu kwamba nyumbani tuna paka.

Usiku akaja na mto. Kabla sijajivika ile barakoa alinishika kidevu kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua ndimu sokoni.

"Haya," akasema, "funika."

Nikafunika. Haikuvuja.