Siku Syombua Alipofuta Kazi Yake

Syombua alikuwa na miaka arobaini na minne alipoingia darasani tena. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amefuma sweta za shule pale Nunguni, ambako baridi ya Julai haimwachii mtoto nafasi ya kusahau sweta nyumbani. Kitindamimba wao alipomaliza sekondari, Syombua alimgeukia mume wake, Nzioka, jikoni wakimenya njegere.

"Sasa ni zamu yangu," alisema. "Nataka kwenda chuo nijifunze kompyuta."

"Kuiwasha?"

"Kuiambia kitu cha kufanya, na ifanye."

Nzioka alipasua ganda moja, akamwaga njegere bakulini. "Haya, enda uiambie. Hapa mimi sijawahi kukushinda, kompyuta itakushindaje?"

Basi Januari alijiandikisha katika chuo kimoja mjini Wote, kozi ya mwanzo kabisa ya kuandika programu. Siku ya kwanza alipofungua mlango, wanafunzi thelathini walisimama wote na kumsalimia. Walidhani yeye ndiye mwalimu. Alicheka mpaka akakosa pa kuweka mkoba.

Mwalimu mwenyewe, Bwana Mbaluka, alikuja dakika tano baadaye, mwembamba, mwenye haraka. Siku hiyo hakuna aliyegusa kompyuta. Alimpa kila mtu karatasi mbili za masharti ya kozi, akaanza kuyasoma kwa sauti.

"Kazi inaletwa Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikichelewa naipunguza alama kila siku, na baada ya siku tatu siipokei. Lakini kila mmoja wenu ana siku mbili za neema kwa muhula mzima. Ukizitaka, sikuulizi sababu."

Darasa likacheka kusikia neema ikitajwa nje ya kanisa. Syombua alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya neno hilo.

"Saidianeni kwa mdomo," Mwalimu aliendelea, "msisaidiane kwa vidole. Jadilini hata siku nzima, halafu kila mtu aandike yake. Akili bandia ya kwenye simu isikuandikie kitu. Naweza kukuita wakati wowote, niweke kidole kwenye mstari wowote wa programu yako, uniambie unafanya nini. Usipojua, hiyo kazi si yako, hata kama jina ni lako. Aliyetoa na aliyepokea, nyote sufuri. Ukija mwenyewe kabla sijakuita, unafuta na kuanza upya, lakini hutapita alama sabini."

Syombua aliinua mkono. "Na kompyuta ikikataa, Mwalimu?"

"Itakataa kila siku, Mama. Ikikataa inakuandikia sababu, usome. Hapa hakuna adhabu ya kukosea. Adhabu ni ya kuficha."

Alitoka pale miguu ikiwa myepesi kama ya msichana. Wiki ya pili aliandika programu ya mistari mitatu iliyomuuliza jina lake, kisha ikamsalimia. Alimpigia Nzioka simu palepale koridoni. "Imesema *Karibu Syombua*! Mimi ndiye nimeifunza!" Nzioka alimtaka airudie, naye akairudia mara mbili.

Wiki ya tano ndipo mambo yalipokaza. Zoezi lilikuwa kuchora pembetatu ya nyota: mstari wa kwanza nyota moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka kumi. Lilihitaji lupu, yaani amri ya kurudia, na ndani ya hiyo lupu, lupu nyingine. Kila Syombua alipojaribu, zilitoka nyota zote kwenye mstari mmoja mrefu. Ijumaa, zikibaki dakika ishirini, Kanini, msichana wa kutoka Tulia aliyekaa kando yake, hakuvumilia tena.

"Leta, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake. Akavuta kibodi, akagonga mistari miwili. Pembetatu ikatokea, nzuri, imenyooka. Syombua alifurahi hata akaituma bila kufikiri.

Nyumbani Jumamosi alifungua daftari amweleze Nzioka. Alifika mstari wa nne, mmoja wa ile miwili ya Kanini, akakwama. Jumapili kanisani alisimama na kwaya, mdomo ukiimba, kichwa kikiwa mstari wa nne.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Kanini langoni. "Naenda kwa Mwalimu kufuta ile kazi. Wewe sitakutaja."

"Atakuuliza ni nani alikuandikia."

"Nitanyamaza."

"Mwaitu, wewe hujui kunyamaza." Kanini aliuma kidole, akatazama mlango wa ofisi. Sufuri moja ingemharibia muhula. Kisha akavuta mkoba begani. "Twende wote. Na mimi sijaitwa bado."

Mwalimu Mbaluka aliwasikiliza hadi mwisho. Alimuuliza Kanini maswali matatu juu ya programu yake mwenyewe, akajibiwa yote bila kusita; kazi yake ikabaki. Kisha akamgeukia Syombua.

"Kwa nini hukuchukua siku zako za neema?"

"Nilizisahau, Mwalimu. Na nilizipigia mstari mwekundu."

Mwalimu alijizuia kucheka. "Zichukue sasa. Nataka kazi Jumatano. Kanini, utakaa kando yake, mikono umeikalia. Akiuliza, mjibu kwa swali."

Na kweli, Jumanne alasiri Kanini aliketi juu ya viganja vyake kwenye maabara ya kompyuta, huku Syombua akimwaga mbaazi kavu mezani.

"Mimi ndiye kompyuta," alisema Syombua. "Nisomee amri za ile kazi, nitazifuata."

Kanini alisoma. Syombua akapanga mbaazi. Moja. Akashuka mstari. Mbili. Akashuka. Kwenye mstari wa tatu mkono wake ulisimama hewani.

"Lupu ya ndani inamaliza kazi yake yote kwanza?"

"Wewe unaonaje?"

"Inamaliza yote! Ndipo ile ya nje inasonga hatua moja tu. Na idadi ya nyota ni namba ya mstari wenyewe! Kanini, ni namba ya mstari!"

"Sijasema kitu," alisema Kanini, akirukaruka kitini na mikono bado chini yake.

Syombua alifuta kila kitu, akaandika upya kwa vidole viwili. Akabonyeza. Kompyuta ikakataa. Alisoma sababu polepole: alikuwa amesahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa tatu. Akaziweka. Akabonyeza tena.

Nyota zikashuka, moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Kigelegele alichopiga kilileta watu kutoka chumba cha pili. Kanini alitoa mikono, akamkumbatia, mbaazi zikamwagika sakafuni, na hakuna aliyeziokota kwa muda mrefu.

Jumatano Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari wa nne. Syombua alieleza bila kutazama daftari. Alipomaliza, Mwalimu alisema, "Igeuze juu chini."

Hilo halikuwemo kwenye zoezi. Syombua alikuna shingo, akapiga hesabu kwa midomo, akabadilisha namba zote tatu kwenye mstari wa tatu. Pembetatu ikasimama kwa ncha yake.

"Sabini," alisema Mwalimu, akiandika. "Sheria ni sheria. Lakini hiyo ya juu chini, nusu ya darasa hawajaiweza."

Mwisho wa muhula Syombua alipata alama sitini na nane kwa jumla. Usajili wa kozi ya pili ulipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, Kanini nyuma yake, wakibishana kwa sauti juu ya zoezi ambalo halijatolewa bado.