Pweza wa Ukutani Munuki

Chumba chetu cha mbele pale Munuki, mtaa wa Juba, kilinukia kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na rangi ya mafuta iliyokataa kukauka. Tulikuwa tumerudi kutoka Kenya msimu ule wa mvua, na mama, badala ya kubeba sufuria kama wanawake wenye akili (maneno ya bibi yangu hayo, si yangu), alikuja na picha kubwa ya fremu aliyopewa na mwenye studio alikokuwa akifanya usafi Mombasa. Ilikuwa picha ya pweza aliyejificha baharini. Kajificha hasa: rangi ile ile ya mwamba, vinundu vile vile, hata majani ya bahari ungedhani yamemwota mgongoni. Mimi, mtoto niliyehesabu kutoka mlangoni hadi kwenye lango la ua kuwa safari, nilimpenda papo hapo. Nilikaa chini yake kutwa nzima nikijifunza kazi yake ya kutotikisika.

Bibi, ambaye tulimwita Haboba kama Juba nzima inavyowaita bibi zao, alikuwa na picha ndogo ya marehemu babu, imekunjamana pembeni, na aliitaka fremu ile. "Ukuta ni ya watu," alisema kwa Kiswahili alichotoka nacho Uganda. "Mimi iko naona mawe tu. Mtu anatundika mawe?" Nilimwonyesha jicho la pweza kwa kidole, nikamwonyesha kwa mti wa ufagio. Wapi. Akakata shauri: Jumapili pasta akishaiombea nyumba, mawe yatoke, mzee aingie. Wiki ile sikula vizuri, na mimi kukataa chakula ni habari ya mtaa.

Jumapili pasta aliingia, akaitazama picha, akavua kofia. "Ndilo kaburi la mzee?" akauliza taratibu. Kabla mama hajafumbua kinywa, mtumishi wa Mungu alikuwa ameshaanza kumwombea pweza pumziko la milele. Tukainamisha vichwa, nani humkatiza pasta? Haboba peke yake alibaki macho wazi, akilikazia kwa hasira kaburi asilolijua. Mara akanishika mkono.

"We mtoto. Iko naangalia mimi."

"Nani, Haboba?"

"Huyo jiwe."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pweza alibaki. Haboba alimchomeka babu nyuma ya kioo, kwenye pembe ya fremu, eti wachungane, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye wa kuwasumbua wageni: tafuta jicho, usipoliona hakuna chai.

Haboba hayupo sasa. Nyumba ni yangu, na bado safari yangu ndefu ni ya dukani. Vijana wa boda boda wakiniona stejini huniuliza nimerudi lini. Nimenunua picha mbili zaidi, samaki bapa aliyejifukia mchangani na farasi-bahari katikati ya matumbawe, nazo zimechapwa vizuri kuliko ile ya mama. Lakini wageni wa siku hizi wameshaona kila kitu kwenye simu. Jicho la pweza wanalipata kabla sijamimina chai. Ninayelazimika kuwaonyesha kwa kidole ni babu: jua la dirishani limemfifisha hadi akawa rangi ya jiwe.